Moto Haufanyi Kazi ya Maji



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twajibu suala lililotufikia kutoka kwa dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, aishiye Ruiru pamoja na mumewe na watoto wao. Aeleza kwamba familia moja ya Thika, isiyokuwa ya Kiislamu, ilikuwa ikihama nyumba, ikawauzia tanuri la umeme, lile tulilozoea kuliita oveni. Lilikuwa zima na bei yake ilikuwa ya upole. Fundi seremala akalitia ndani ya kabati la jikoni, likakaa vizuri. Kabla ya kuoka chochote, dada huyu aliingiwa na wasiwasi: huenda ndani yake ilichomwa nyama ya nguruwe. Jirani akamwambia kwamba tanuri lina kibonye cha kujisafisha lenyewe kwa moto mkali, na moto ule hauachi kitu. Akakibonyeza. Likawaka muda wa saa tatu, umeme ukapotea kabla halijapoa, kisha ukarudi.

Tangu siku hiyo taa ya ndani yawaka na feni yazunguka, lakini tanuri halipati moto. Fundi aliyeitwa amesema ataunganisha waya moja kwa moja, lifanye kazi siku hiyo hiyo, na ujira wake ni mdogo. Mume amekasirika kwa kuona mali imeharibiwa na wasiwasi. Mke naye ana keki na vileja vya watu alivyokwisha kupokea malipo yake. Wauliza mambo matatu: Je, tanuri limetwahirika? Je, fundi aachiwe afanye alivyosema? Na je, wana haki ya kumrudishia muuzaji?

Suala hili si la nyumba moja. Ndugu zetu wengi wa Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale wamehamia Thika na Ruiru kwa kazi, biashara na masomo. Mahali palipokuwa mashamba ya kahawa na mkonge leo pamejaa nyumba za kupanga, hasa tangu kukamilika kwa upanuzi wa barabara kuu ya Thika mwaka 2012. Huko Muislamu huishi ukuta kwa ukuta na wasiokuwa Waislamu, hununua vyombo kwao na kuwauzia vyake, na hakuna ubaya katika hilo. Sisi tuliolelewa kwa jiko la makaa, mkate wa sinia ukipaliwa moto juu ya mfuniko, twapaswa kuvijua vyombo hivi vipya kabla hatujavitwika kazi isiyokuwa yake.

Kibonye kile hufanya nini?

Matanuri yanayojisafisha kwa moto yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1963, na baadaye yakaenea ulimwenguni. Katika kuoka kwa kawaida joto halipiti sana digrii 250 za Selsiasi. Kibonye cha kujisafisha hulipandisha hadi kiasi cha digrii 480, mlango ukajifunga wenyewe kwa kufuli, na hali hiyo ikaendelea kwa muda wa saa mbili hadi nne. Mafuta yaliyogandamana huungua yakawa jivu jepesi. Tanuri likisha kupoa, mlango hufunguka na jivu likafutwa kwa kitambaa. Wazee wetu walisema kwamba moto huzaa jivu, na hapa maneno yao yamesadiki kama yalivyo.

Kazi hiyo ni nzito kwa chombo chenyewe. Nyuma ya tumbo la tanuri na juu yake mna waya, bodi ya umeme na vidude vya kupimia joto ambavyo havikutengenezwa kuvumilia moto wa kiasi hicho. Vyalindwa na pamba maalumu ya kuzuia joto, na kwa feni ndogo ipulizayo hewa baina ya tumbo na bati la nje. Kabati likiwa limeziba nyuma, hewa hiyo haina pa kutokea. Umeme ukipotea katikati ya kazi, feni husimama ilhali tumbo lingali linawaka, na joto hupanda polepole hadi penye waya. Dada yetu huenda alipatwa na yote mawili.

Je, moto umelitwahirisha?

Twajibu kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo twayafuata wengi wetu wa pwani. Moto hautwahirishi najisi. Kitu kilicho najisi kwa dhati yake, kikiungua kikawa jivu, jivu lake ni najisi vilevile. Wanachuoni wetu wamevitaja vichache tu vinavyotwahirika kwa kugeuka, kama vile tembo iliyogeuka siki yenyewe bila kutiwa kitu, na ngozi ya mnyama aliyekufa inapotiwa dabaghi, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Jivu la mafuta ya nguruwe halimo katika hivyo. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wana rai nyingine, kwamba najisi ikiungua ikawa jivu huwa imegeuka kitu kingine na ni twahara. Huko Thika na Ruiru mna pia Waislamu wafuatao madhehebu hayo. Jirani akikwambia hivyo, usimgombeze wala usimtie makosani, kwani naye ana Imamu wake.

Lakini kabla ya kulijadili jivu, dada yetu angejiuliza suala lililo la kwanza: je, ana yakini kwamba nguruwe alipikwa humo? Katika kanuni kuu za fikihi mna hii, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Asili ya vyombo ni twahara hata uthibitike unajisi. Vyombo vya wasiokuwa Waislamu navyo hukumu yake ni hiyo hiyo: ni twahara maadamu hatukujua vimepatwa na najisi, ila ni karaha kuvitumia kabla ya kuvikosha. Sahaba Abu Thaalaba al-Khushani (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, akafundishwa kwamba asipopata vinginevyo, avioshe kisha avitumie. Basi kwa mwenye shaka tu, maji na sabuni yangemtosha, na moto wa digrii 480 haukuhitajika.

Akiwa na yakini, kwa kuambiwa na muuzaji au kwa kuona mwenyewe, hukumu inayotegemewa katika madhehebu yetu ni kuosha mara saba, moja ya hizo kwa mchanga twahara. Imamu Nawawi, naye ni katika wakubwa wa madhehebu haya, aliona kwamba kwa upande wa dalili osho moja bila ya mchanga linatosha kwa nguruwe, lakini kauli ya kutegemewa ni ile ya mara saba. Ikiwa kilichopikwa ni nyama nyingine isiyochinjwa kisharia, huondolewa uchafu wake na dhati yake, pakaoshwa kwa maji hadi isibaki ladha, rangi wala harufu, na hapana haja ya mchanga.

Namna ya kuliosha

Lizimwe kwanza katika swichi ya ukutani, na breka yake ishushwe. Trei na nyavu zitolewe zikaoshwe kando, kwani hizo ndizo zigusanazo na chakula na ndizo muhimu zaidi. Kuta za ndani zisuguliwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu hadi mafuta yote yaondoke. Kazi hiyo yote ya kuondoa dhati ya najisi, hata ikirudiwa mara kumi, huhesabiwa kuwa ni osho moja. Kwa mwenye kuosha mara saba, achukue udongo msafi uliochekechwa, auvuruge katika maji yakawa mazito kidogo, ayapitishe kila mahali katika osho moja wapo, na iliyo bora ni lisiwe la mwisho.

Maji yatiririke juu ya ukuta, kisha yakusanywe kwa kitambaa kilicho chini. Usimimine kwa ndoo. Usirushe maji penye koili, feni, taa wala matundu ya nyuma. Yakisha hayo, mlango uachwe wazi siku nzima tanuri likauke kabla ya kurudishiwa umeme. Na nyumba zetu zisiingiwe na waswasi: kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami.

Kwa nini halipati moto?

Sasa twende kwenye hitilafu. Haya nimeyauliza kwa mafundi wa umeme wanaoaminika, nayo yamepangwa kuanzia lililo jepesi. Hatua tano za mwanzo aweza mtu yeyote kuzifuata bila ya kufungua parafujo hata moja.

Kwanza, hakikisha tanuri limepoa kabisa. Kufuli ya mlango haifunguki hadi joto lishuke, na huenda ikachukua saa moja au zaidi. Asilazimishe mtu mlango kwa kisu wala bisibisi. Kufuli ikivunjika, tanuri litadhani kuwa lingali wazi, na halitawaka kamwe.

Pili, tazama saa yake. Umeme unapopotea na kurudi, tarakimu hubaki zikimetameta. Matanuri mengi hayapati moto hata yapangwe saa upya, ingawa taa yawaka. Wako waliolipa fundi kwa jambo ambalo ni vibonye viwili tu. Tazama vilevile kama alama ya kufuli ya watoto haikuwashwa.

Tatu, nenda kwenye kisanduku cha breka. Breka iliyoruka mara nyingine husimama katikati, si juu wala chini. Ishushe kabisa, ngoja dakika kumi, kisha uipandishe. Huko kuzima kwa muda huisahaulisha bodi ya umeme kazi iliyokatika katikati. Ikiwa breka yaruka tena papo hapo, usiirudie. Mna waya umegusana na bati au koili imevuja umeme, na hapo ni pa fundi.

Nne, tazama alama ya kufuli ya mlango. Ikiwa yawaka nawe mlango waufungua bila taabu, basi tanuri lidhani bado limo katika kujisafisha, na halitakubali kuoka. Mara nyingi kile kidude cha kufuli kimekwama kwa joto.

Tano, lijaribu kwa namna zake mbalimbali, kila moja dakika kumi: moto wa juu peke yake, wa chini peke yake, kisha ule wa feni. Mmoja ukipata moto na mwingine usipate, koili ya ule usiopata imeungua. Itazame kwa macho tanuri likiwa baridi na limezimwa, huenda ukaona pamevimba au pamekatika. Zote zikikataa ilhali taa na feni zafanya kazi, kama alivyoeleza dada yetu, basi cha kushukiwa kwanza ni fyuzi ya joto, kisha kidude cha kupimia joto, kisha viungo vya waya vilivyoungua, na mwisho bodi yenyewe.

Baada ya hapo mkono wa mwenye nyumba usimame. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, nao hauna huruma. Fundi mwenye kipimo atazima umeme na kupima koili: yenye nguvu ya wati 2,400 yapasa isome karibu omu 24, na isiposoma kitu imekatika. Atapima fyuzi ya joto kwa njia hiyo hiyo. Hiki ni kidude kidogo kiasi cha sarafu, kilichofungwa kwenye bati nyuma au juu ya tumbo. Joto la nje ya tumbo likipita mpaka wake, hukata umeme wa koili. Baadhi yake zina kitufe cha kurudishia, nyingine zikikata mara moja hubadilishwa.

Fundi na amana yake

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Fyuzi iliyokata haikuharibika, ila imefanya kazi yake. Ni mlinzi aliyeona hatari akafunga mlango. Fundi asemaye ataunganisha waya moja kwa moja anakusudia kumwondoa mlinzi na kuliacha lango wazi. Ni kweli tanuri litapata moto siku hiyo. Lakini sababu iliyopandisha joto ingali pale pale: kabati lililoziba, au feni ya kupoza iliyokufa. Siku joto litakapopanda tena, hakuna kitakacholizuia, na kabati la mbao lililolizunguka ndilo litakaloanza kuwaka. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha tusiuache moto ukiwaka majumbani tunapolala. Yawaje basi tulale na moto ambao kizuizi chake tumekiondoa kwa mikono yetu, watoto wakiwa chumba cha pili, na jirani wa ghorofa ya juu hana habari?

Sharia yetu haikubali mtu ajidhuru wala amdhuru mwenziwe. Kwa hivyo jibu la suala la pili ni kwamba haijuzu kumruhusu fundi kufanya hivyo, wala haijuzu kwa fundi kukubali hata akiombwa. Katika madhehebu yetu, mkono wa fundi juu ya mali ya watu ni mkono wa amana: kikiharibika kitu bila ya yeye kuzembea wala kuvuka mpaka, halipi. Lakini kumwondoa mlinzi wa moto akijua kazi yake ni kuvuka mpaka, na madhara yatokanayo na hayo yatamwelekea. Na iwapo hajui, ajue kwamba Mtume (S.A.W.) alimbebesha dhima yule atibuye watu naye hakujulikana kwa utabibu. Anayetibu vyombo vya watu kwa kubahatisha naye yafaa aogope.

Basi mwiteni fundi mwenye leseni. Hapa Kenya leseni za mafundi wa umeme hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, na si aibu kumwomba akuonyeshe yake. Mwulizeni mambo mawili: ni kitu gani kilichokufa, na ni nini kilichokiua? Anayejibu la kwanza pekee atarudi kwenu baada ya mwezi. Akibadilisha kifaa, mwombeni awape kile cha zamani mkione. Na kipya kiwe na kiwango cha joto kile kile cha mwenzake, kwani kuweka cha juu zaidi ni kumdanganya mlinzi badala ya kumwondoa. Awatazamie pia kama feni ya kupoza yazunguka, kama kabati lina matundu nyuma, na kama tanuri limepewa waya wake wenyewe kutoka kwenye kisanduku cha breka. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haibebi zaidi ya wati 3,120, na waya wa kurefushia si wa kazi hii kabisa. Na fundi ajapo, dada zetu msikae naye peke yenu ndani ya nyumba. Awepo maharimu, au miadi isogezwe hadi mume arudipo.

Muuzaji, mume na mke

Ama kumrudishia muuzaji, sharia imempa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu akikuta kina aibu iliyokuwepo kabla ya kukipokea, na imemtaka asichelewe mara aijuapo. Lakini aibu iliyozuka mkononi mwa mnunuzi ni ya mnunuzi. Ninyi mmesema kwamba tanuri lilikuwa zima, na halikukataa hata lilipowashwa moto ule mkali. Pasipo ushahidi kwamba muuzaji alijua ila akaificha, hamna haki juu yake. Kuwa yeye si Muislamu hakumpunguzii haki hata chembe. Pengine siku moja atauliza Waislamu ni watu gani, na jibu lake litakuwa ni vile mlivyofanyiana biashara.

Na wewe ndugu mume, mkeo hakuchezea mali. Alikusudia kuwalisha ninyi chakula twahara, na nia hiyo yastahiki shukrani kabla ya lawama. Alilolikosa ni elimu ya chombo, na elimu hiyo wewe pia hukuwa nayo. Kutengeneza chombo cha nyumba ni katika kukaa kwa wema. Nawe dada yetu, fedha ulizopokea kwa keki na vileja ni deni shingoni. Waarifu wenyewe leo, usingoje siku ya ahadi. Atakayekubali kungoja angoje, na atakaye fedha zake mrudishie. Au okea kwa jirani, au kwa makaa kama alivyofanya mama yako. Vileja havikuanza na umeme.

Siku zijazo

Iwapo tanuri lenu lina kibonye hicho, si lazima mkitumie. Mafuta hutoka kwa soda ya kuokea iliyokorogwa na maji kidogo, ikapakwa usiku juu ya kuta peke yake, mbali na koili, ikafutwa asubuhi kwa kitambaa kilicholowa, kisha siki kidogo. Bakuli la maji likitiwa katika tanuri lenye moto wa wastani kwa nusu saa, mvuke wake hulegeza uchafu mwingi. Afutaye kila baada ya kuoka hatahitaji moto wa digrii 480.

Na mkitaka kukitumia, toeni kwanza trei na nyavu zote, na mkangushe mafuta yaliyo mengi kwa mkono, kwani hayo huweza kushika moto. Msitandike karatasi ya fedha chini ya tanuri. Fungueni madirisha, na watoto wachanga na wenye pumu wakae mbali na jiko. Nyumba yenye ndege wa kufugwa imwondoe ndege kabisa, kwa kuwa moshi wa vitu vilivyopakwa dawa ya kuzuia chakula kugandia huwaua ndege upesi. Msikibonyeze usiku mkaenda kulala, wala siku ambayo umeme wayumba, wala mkesha wa Idi mnapongojewa na watu. Na ukitokea moto ndani, msifungue mlango wala msimwagie maji: zimeni umeme katika meni swichi, mtoe watu nje, na muite msaada.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Twahara itafuteni kwa maji, na kwa mchanga panapolazimu. Moto uacheni uoke. Fyuzi iacheni ilinde, na fundi aulizwe juu ya amana yake. Kila kimoja kikiwekwa mahali pake, nyumba husalimika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu za pwani na za bara kutokana na kila moto, azitie baraka kazi za mikono ya mama na dada zetu, na aturuzuku chakula cha halali kilicho twahara. Wallahu aalam.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.